Kujuliana Hali Kabla ya Kushikana

Nimeishi kwa kufundisha judo, na ningetakiwa kutaja jambo moja katika kazi hiyo ambalo halipewi heshima yake, ningetaja mazungumzo ya pembeni mwa mkeka. Marafiki wamepoteana kwa muda. Mmoja katoka kuugua, mwingine bega lake ndiyo kwanza linaanza kupona. Wanakaa, wanajuliana hali kabla ya kufunga mikanda. Wako walimu wanaoona kwamba hapo muda wa mazoezi unaliwa bure. Kwangu mimi mazoezi yamekwisha kuanza, kwa sababu anayerudi kutoka ugonjwani hulindwa na rafiki anayemuuliza vizuri kuliko na ushujaa wake mwenyewe.

Msingi wa imani hiyo umo ndani ya judo yenyewe. Kano Jigoro, aliyefungua Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, aliijenga sanaa yake juu ya kanuni mbili: kutumia nguvu kwa namna iliyo bora kabisa, na kufaidiana, mtu na mwenzake. Kanuni ya pili inatokana na kazi yenyewe. Hakuna anayejifunza kutupa bila mtu wa kumtupa, na anayekubali kutupwa anamkabidhi mwenzake shingo, mgongo na magoti yake. Tazama anavyoanguka mtu mwenye afya: kidevu kimeinamia kifuani, mgongo umejikunja, mkono ulionyooka unapiga mkeka papo hapo mwili unapotua. Mwenye bega bovu huuchelewesha mkono huo kidogo tu, pengine bila kujijua, na uzito wote ukaishia begani. Aliyemtupa anaweza kuwa na mbinu safi kabisa. Alichokosa ni habari.

Kwamba kukosa habari kunaweza kuua, Japani imelijua hilo kwa uchungu. Mtafiti Uchida Ryo wa Chuo Kikuu cha Nagoya alikusanya kumbukumbu za ajali za shuleni kuanzia mwaka 1983, akakuta vifo zaidi ya 100 vya wanafunzi katika judo. Wengi walikuwa wa mwaka wa kwanza, na sababu kubwa ilikuwa majeraha ya kichwa. Ufaransa, yenye wanajudo wengi kuliko Japani, haikuwa na msiba wa kiasi hicho. Tofauti hiyo ina sababu zaidi ya moja, na mafunzo ya walimu ni mojawapo. Lakini mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho. Wa kwanza kuujua ni yule anayeumwa kichwa, na kijana aliyezoeshwa kwamba kulalamika ni aibu atanyamaza, apate pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona. Rafiki akimuuliza kwa upole, "Kichwa kilikusumbua jana usiku?", amemfungulia mlango wa kusema.

Nitaambiwa marafiki si madaktari. Kweli, na kuamua nani arudi kwenye mapambano ni kazi ya daktari. Ila daktari humwona mgonjwa kitandani mwa kliniki, ilhali mwenzake wa mazoezi humwona akivua viatu, akiinuka sakafuni, akikwepa upande mmoja. Kazi ya rafiki ni kuuliza swali lisilokwepeka. Ukisema, "Goti vipi?", utajibiwa, "Salama." Ukisema, "Ngazi unashuka bila kushika ukuta?", utapata ukweli, na pengine sababu ya kumrudisha kliniki.

Wengine watasema sanaa ya mapigano ni shule ya uvumilivu, na maswali haya yanalea udhaifu. Uvumilivu ninauheshimu, lakini kusubiri nako ni uvumilivu, tena mgumu zaidi. Utafiti wa Oslo na Delaware uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanamichezo waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti. Kila mwezi mmoja waliochelewa kurudi michezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Anayerudi mapema ili aonekane shujaa anaivunja kanuni ya kwanza ya Kano, maana nguvu zake anazipeleka pasipofaa.

Hofu ya kweli ni kwamba mtu ataulizwa mpaka aogope, abaki nyumbani. Hapo dawa ni kumpa nafasi inayolingana na hali yake: mazoezi mepesi, kisha mbinu bila kuangushana, na mapambano yaje mwisho. Zoezi taratibu lina nguvu yake. Utafiti wa Oregon wa mwaka 2012 kwa wagonjwa 195 wa Parkinson ulionyesha kwamba waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, waliimarika katika kusimama imara, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Kwa hiyo nawasihi walimu vijana watenge dakika za kujuliana hali kabla ya kupasha mwili joto, na wamhesabu aliyekuja kukaa pembeni kuwa amehudhuria. Mkanda hupimwa kwa mbinu. Chama cha judo kipimwe kwa idadi ya waliougua wakarudi.