Mbona Hawakutwambia

Watu wa Ngomeni wa rika langu wakikaa barazani hubishana juu ya kila kitu, toka bei ya nguru hadi mwaka aliokufa fulani. Siku moja tu hawaibishanii. Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilitoka baharini mbele ya kijiji chetu ikapaa mbinguni.

Idi ilikuwa haijatimiza hata wiki mbili, kaskazi imeanza kukaza, na bahari ilikuwa tupu. Wavuvi walikuwa wameonywa mapema kwamba asitoke mtu, kwa hiyo mashua na ngalawa zote zilikuwa zimevutwa mchangani, na baba akaketi kivulini anashona nyavu huku amenuna. Mimi nilikuwa darasa la sita. Majukwaa mawili ya Wataliano, San Marco na Santa Rita, tulikuwa tumeshayazoea. Yalisimama baharini kwa miguu ya chuma, kilomita tano hivi kutoka pwani, na kwa miaka kadhaa roketi zilikuwa zikirushwa pale.

Karibu saa nane mchana tuliona mwako mweupe. Kijiti kikainuka juu ya moto, kikapanda, moshi ukatanda majini, na sisi tuliosimama ufukweni hatukusikia lolote. Mbuzi wanaendelea kula. Mtoto wa jirani analia. Roketi imeshafika juu sana, shingo zimetuuma kwa kuitazama, ndipo mngurumo ulipotufikia ukatupiga kifuani. Bibi alishika ukuta akatoa shahada. Kimya kile kilichotangulia sauti kilinikaa moyoni kuliko moto wenyewe, na sina shaka ndicho kilichonifanya mwalimu wa fizikia.

Baadaye tulisikia kwamba kitu kilichobebwa na roketi ile kimepewa jina Uhuru. Kijiji kizima kilijiona kimeheshimiwa. Hakuna aliyeuliza jina limetoka kwa nani. Tulidhani ni amri ya serikali, yakaisha.

Ami yangu alikuwa baharia katika boti iliyovusha watu na mizigo kati ya kambi ya nchi kavu na majukwaa. Jioni ile alitusimulia mengi: Wataliano walivyokuwa wakikimbizana, makreti yaliyopigwa marufuku kuguswa, waya nene kama mkono. Katikati ya masimulizi akataja kwamba miongoni mwa wageni mlikuwa na mama wa Kizungu. Mabaharia walimjadili. Mmoja alisema ni mke wa mkubwa, mwingine akasema ni muuguzi. Mjadala ukafia hapo, na mimi nikausahau.

Nilikuja kuukumbuka miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni Nairobi, katika chumba cha maktaba ambamo majarida ya zamani yalirundikwa bila mpangilio. Katika jarida moja la Kimarekani niliona picha: mwanamke pamoja na Bruno Rossi, mwanafizikia mashuhuri, wanazungumza kando ya mtambo ulioitwa Uhuru. Maelezo ya chini yalisema ni Marjorie Townsend, meneja wa mradi. Nilisoma tena neno meneja. Mtambo ule ndio uliopita juu ya kichwa cha bibi yangu.

Nilitafuta habari zake kwa pupa. Alizaliwa Washington mwaka 1930, akamaliza sekondari akiwa na miaka 15, na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Alianzia kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini, akifanya kazi ya sona, ile mitambo inayosikiliza chini ya maji. Mwaka 1959 akaingia NASA, katika kituo cha Goddard, akashughulikia mifumo ya kupokea habari za setilaiti za kwanza za hali ya hewa, TIROS. Mwaka 1966 alikabidhiwa mradi wa setilaiti ndogo za elimu ya nyota, na kwa ile ya kwanza, iliyorushwa kwetu, akawa mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa chombo cha NASA. Mtu wa namna hiyo huamua kama chombo kiko tayari au hakiko tayari. Wanaume wote waliokizunguka, mafundi na maprofesa, walikuwa wakisubiri neno lake. Na jina Uhuru ndiye aliyelipendekeza, kwa ajili ya siku yetu na kwa ukarimu alioukuta Kenya.

Likizo ilipofika nilimwendea ami na nakala ya picha ile. Aliisogeza kwenye mwanga, akaivuta karibu, akaisogeza tena mbali.

"Yule mama," akasema. "Ndiye huyu."

"Ami, alikuwa mkubwa wao."

"Mkubwa wa nani?"

"Wa chombo kizima. Hata jina alilitoa yeye."

Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Mbona hawakutwambia?"

Nimefundisha nikiwa na swali hilo mfukoni. Ukienda Malindi leo, habari za San Marco husimuliwa kama habari za Wataliano, na kwa haki: Profesa Luigi Broglio ndiye aliyeona kwamba pwani yetu ndiyo mahali penyewe, na kikosi chake ndicho kilichorusha Uhuru, mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na wafanyakazi wa nchi nyingine. Serikali ya Italia ilimtunuku Townsend nishani mwaka 1972. Lakini sisi tuliokuwa tukitazama kutoka mchangani hatukupewa hata habari moja ya kumpelekea mtoto wa kike nyumbani. Hilo linaniuma hadi sasa. Mwaka ule wa roketi wasichana wa darasa letu walikuwa wanaanza kutolewa shule mmoja mmoja. Baba alinibakiza kwa kubembelezwa na mwalimu mkuu. Laiti mtu angesimama chini ya mwembe wa shule yetu akasema kwamba mwenye kile chombo ni mwanamke, tena mama wa wana wanne, wangapi kati yetu wangebakizwa?

Kwa hiyo nilianza kusema mwenyewe. Somo langu la mawimbi kidato cha pili lilianza na kimya kile cha ufukweni. Niliwapa wanafunzi kasi ya sauti hewani, mita 340 hivi kwa sekunde, na umbali wa kilomita tano, nikawaambia wanitafutie muda tuliosubiri. Walipofika karibu sekunde 15 walianza kuhesabu kwa sauti, mmoja akishika saa, na darasa likaona jinsi muda huo ulivyo mrefu unapotazama moto usio na sauti. Hapo ndipo nilipowauliza: kwa nini watoke Marekani waje Ngomeni? Jibu liliwafurahisha sana. Sisi tuko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, ambako dunia inajizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapewa kasi hiyo bure. Tena chombo kinachozunguka juu ya ikweta kinakwepa sehemu kubwa ya ukanda wa mionzi unaoshuka chini upande wa Atlantiki ya kusini, mionzi ambayo ingevuruga vipimo vyake.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vya eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa yetu huzizuia zisifike chini, nasi tunaishi kwa sababu hiyo. Mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake waligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua mwaka 1962 kwa roketi iliyopaa dakika chache ikaanguka. Uhuru, yenye uzito wa kilo 140 na ushei, ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikiipekua mbingu hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Miongoni mwavyo kimo Cygnus X-1, ambacho eksirei zake zilionekana zikibadilikabadilika kwa haraka mno. Wataalamu walipokifuatilia waliona pana nyota kubwa inayozungukwa na kitu kisichoonekana, na hicho kikawa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Siku habari ilipotangazwa niliingia darasani na redio mkononi.

Wavulana waliuliza roketi ilikuwa na urefu gani. Ilikuwa mita 22 hivi, vipande vinne vya fueli kavu. Wasichana waliuliza mambo mengine. Alikuwa ameolewa? Ndiyo, tangu akiwa mwanafunzi, na mumewe alikuwa daktari. Watoto aliwaacha na nani alipokuja huku? Mwanzoni maswali hayo niliyaona ya pembeni, nikayajibu mbiombio nirudi kwenye mawimbi. Baadaye nilielewa kwamba msichana anayeuliza hivyo anapima njia, anataka kujua kama inapitika kwa mtu wa namna yake. Tangu hapo niliyapa muda kamili, na kipindi kilipoisha kabla sijafika kwenye ikweta, ikweta ilingoja kesho.

Kuna mmoja aliuliza swali ambalo wenzake hawakuwahi kuliuliza. "Mwalimu, Mkenya aliyekuwa mhandisi pale jukwaani anaitwa nani?" Nilimweleza habari za ami na mabaharia, za wapishi na walinzi. Akasema, "Hao nimesikia. Nauliza mhandisi." Sikuwa na jina la kumpa.

Mwaka 2018, mwezi Mei, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka angani setilaiti yake ya kwanza, 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande, kilichoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Walioshirikiana nao ni watu wa Sapienza ya Roma, chuo kilekile cha Broglio. Mwaka 2023 ikafuata setilaiti nyingine ya Kenya, Taifa-1. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilikata habari hizo gazetini, nikapanda matatu hadi shuleni, nikamkabidhi mwalimu wa fizikia aliyechukua nafasi yangu, mwanamke kijana wa Gongoni, nikamwomba azibandike karibu na picha ya Townsend na atafute majina ya wahandisi mmoja mmoja, hasa ya wasichana, ayaandike chini yake kwa herufi kubwa, yasomeke hadi dawati la nyuma.