Kobla ya cheri: Hesabu kokwa kabla ya kuoka

Ukitoka mji wa Traverse City, jimbo la Michigan nchini Marekani, ukapanda kaskazini kwenye rasi ya Old Mission, maji ya Ziwa Michigan yanakufuata kulia na kushoto. Katikati ni mashamba ya cheri. Mmisionari Peter Dougherty alipanda miti hiyo hapa mwaka 1852, nayo ikastawi kwa sababu ziwa hupunguza makali ya baridi. Leo Michigan inaongoza Marekani kwa cheri chachu.

Mavuno huja Julai, kwa wiki chache tu. Hapo ndipo familia huoka kobla: matunda chini, madonge ya unga juu. Unga hausukumwi kama chapati, hivyo hata mtoto anaweza kusaidia.

Lakini mzazi, anza na kokwa. Inaweza kumkaba mtoto, hasa aliye chini ya miaka minne. Akimeza moja nzima bila kupaliwa, kwa kawaida hupita tumboni bila madhara. Ila kiini chake kikitafunwa au kusagwa hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo usisage cheri zenye kokwa kwenye blenda.

Cheri chachu ni laini. Ibonyeze kwa vidole, kokwa itatoka. Fanya kumi kumi na mpe mtoto mkubwa kazi ya kuhesabu: cheri kumi, kokwa kumi. Zikiwa tisa, tafuteni.

Changanya vikombe 4 vya cheri, robo tatu ya kikombe cha sukari na vijiko 2 vya chakula vya wanga wa mahindi, kisha mimina kwenye chombo cha kuokea. Pembeni, fikicha siagi gramu 60 kwenye kikombe 1 cha unga wa ngano wenye vijiko 2 vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo. Ongeza nusu kikombe cha maziwa. Dondosha madonge juu ya matunda, oka kwa nyuzi joto 190 kwa dakika 35 hadi 40.

Subiri nusu saa, maana rojo la matunda huunguza ulimi. Hata cheri za kopo zilizoandikwa hazina kokwa huweza kubaki na moja. Sahani ya mtoto mdogo ipondeponde kwa uma kwanza, ndipo umpe.