Risasi, gramu na tarakimu moja baada ya nukta

Leo naweka kando simu mpya na programu za bure, nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Ni la mwaka 2018, lakini hadi leo nikiandika programu yoyote ya kupima kitu, linanijia.

Wakati huo nilikuwa nalala Kawangware na kufanya kazi za kandarasi kupitia intaneti katika chumba kidogo cha kukodi katikati ya jiji, orofa ya nne, lifti mbovu. Mteja wangu mmoja alikuwa mzee wa Montana, Marekani, aliyerithi bunduki ya kuwindia kutoka kwa babake: Winchester ya muundo wa 1894, ile ya wenzo. Chini ya mkono pana kipete cha chuma. Ukikisukuma chini ganda tupu huruka nje, ukikirudisha risasi mpya huingia. Mzee huyu hakuwa akinunua risasi dukani. Aliyeyusha madini mwenyewe, akasubu vichwa vya risasi katika kalibu, akajaza baruti kwenye maganda yaliyokwisha kutumika, na kila kipimo akakiandika daftarini. Daftari zilikuwa zimejaa, basi akataka programu.

Jamani, mimi sijawahi hata kushika bunduki. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bila cheti cha silaha hata risasi moja mfukoni ni kesi. Kila nilichojua nilikisoma. Hata hivyo bunduki za namna hii si ngeni Nairobi. Mnaijua Maktaba ya McMillan pale Banda Street, yenye simba wawili mlangoni? Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya McMillan, Mmarekani aliyemkaribisha Theodore Roosevelt shambani kwake Juja mwaka 1909. Roosevelt alikuja kuwinda, na miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya wenzo, ya muundo wa 1895. Nilikuwa nikipita hapo kila siku nikienda kazini.

Nilijifunza mengi. Katika bunduki ya mzee, risasi hupangwa kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kwa hiyo vichwa vyake huwa bapa, maana kilichochongoka kingegusa fataki ya risasi iliyo mbele yake na huenda ikalipuka humo humo. Madini ya risasi peke yake ni laini mno, basi huchanganywa na bati na antimoni. Kichwa cha kusubu hufanywa kinene kidogo kuliko njia ya mtutu ili kizibe vizuri, la sivyo gesi hupenya pembeni na kuacha madini yameganda ndani. Na uzani wote hupimwa kwa greni. Gramu moja ni greni 15.43.

Nilitaka kuona madini yenyewe yakiyeyuka, nikaenda kwa fundi wa betri karibu na soko la Kawangware.

"Shikamoo mzee. Naomba kuona ukiyeyusha risasi."

"Marahaba. Risasi ipi, kijana wangu? Ya askari ama ya betri?" Akacheka. Kiswahili chetu kimeyapa madini na kinachotoka mtutuni jina moja, na hakikukosea.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la makaa linatosha. Fundi aliimimina kwenye kopo, ikaganda, akaitupa juu ya mizani. "Kilo mbili na kitu," akasema. Nikamuuliza kitu hicho ni kiasi gani. "Hicho kitu mnunuzi hakihesabu." Pembeni kijana wake mdogo alikuwa akipepea moto.

Nikarudi kazini na kuandika programu. Kwa kuwa tumezoea gramu, nilihifadhi uzani wote kwa gramu, safu moja ya hifadhidata, tarakimu moja baada ya nukta. Mtumiaji angeandika greni, programu ingebadili kwenda na kurudi. Nilijaribu kichwa cha greni 170. Kikarudi 169.8. Nikasema moyoni, hicho kitu nani atakihesabu? Nikamtumia mzee programu.

Siku ya nne, saa saba usiku, nikikagua rekodi zake, nikakuta mistari miwili ya baruti. Moja ilisomeka 29.3, ya pili 30.9. Lakini mzee alikuwa ameniambia kwamba huongeza baruti kwa sehemu moja ya kumi ya greni, kisha huchunguza maganda kabla ya kuongeza tena. Nikachukua kikokotozi. Greni 30.0 ni gramu 1.944, programu yangu inahifadhi 1.9, inarudisha 29.3. Greni 30.1 ni gramu 1.950 na ushei, inahifadhi 2.0, inarudisha 30.9. Hatua ya 0.1 ilikuwa imegeuka 1.6! Nikaishiwa nguvu. Ukikaribia kikomo, shinikizo ndani ya ganda hupanda kwa kasi kuliko baruti unayoongeza, na bunduki ile ni chuma cha zamani kinachokaa sentimita chache kutoka uso wa mtu.

Nilimwandikia: "Usijaze chochote kwa namba za programu yangu. Zina kosa, na kosa ni langu." Kisha nikakaa macho hadi alfajiri. Jibu lilikuja asubuhi. Hakuwa amejaza hata moja, maana bado alikuwa akisoma daftari lake la karatasi. Akaongeza kwamba mashine mpya huwa anaipa msimu mzima kabla ya kuiamini.

Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya pauni na nyingine ikavisoma kama nyutoni. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo chuoni na kucheka.

Nilirekebisha hivi: kila kipimo huhifadhiwa kama mtumiaji alivyokiandika, kwa namba kamili ya sehemu za kumi za greni. Gramu huonyeshwa tu kwa anayezitaka, hazihifadhiwi. Na jaribio la kwanza sasa huingiza 30.0, 30.1 na 30.2, kisha hudai zirudi zilezile.

Nilirudi pia kwa fundi. Nilikuwa nimesoma kuhusu Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini. Nikamwambia kwamba sumu hii huingia kidogo kidogo bila kuonekana, na watoto ndio huumia zaidi. Akasema amefanya kazi hiyo miaka ishirini na hajalala hospitali. Sikubishana naye. Wiki iliyofuata nilipopita, alikuwa akipepea moto mwenyewe.

Kwa hiyo wenzangu waandishi wa programu, kabla hujakata tarakimu yoyote, muulize mwenye kazi kidogo chake ni kiasi gani. Usikisie kama mimi.

Haya, tuonane wiki ijayo. Nitaandika kuhusu nakala za akiba, maana huko nako nina aibu zangu.