Wati Tano Zatosha Nyumbani



Kila nikutanapo na wanafunzi wa shule yetu huulizwa swali moja: je, ni kweli kwamba mtu aweza kujitengenezea nyumbani amplifaya ya gita, yaani mtambo wa kukuza sauti yake, bila kwenda kuununua dukani? Ni kweli. Nimetengeneza mmoja hapa kwetu Merikit, katika wilaya ya Tororo, nao hutumika kila jioni umeme uwapo. Ni wa valvu, kama redio za zamani, na nguvu yake ni wati 5 tu. Nataka kuwaeleza habari zake, na hasa kwa nini niliufanya mdogo.

Sisi Waiteso tumezoea ala za nyumbani. Akogo hupigwa kwa vidole gumba, na adeudeu ina nyuzi chache tu. Zote mbili zina uwazi ndani, na uwazi huo ndio ukuzao sauti mpaka iwatoshe watu waliokaa uani. Gita la umeme halina uwazi namna hiyo. Mwili wake ni ubao mzito, na ukilipiga bila mtambo hulisikia wewe na jirani yako wa kiti. Basi mdogo wangu aliponunua gita la umeme, aliazima mtambo wa bendi wenye wati 100. Ulitetemesha mabati. Mama mkubwa alikuwa mgonjwa katika nyumba ya pili, na watoto walikuwa wakijitayarisha kwa mtihani. Baba mdogo, ambaye ndiye mkuu wa boma letu, alisema neno moja tu: gita hilo lipate sauti ya kukaa na watu, au liuzwe kabla ya mwisho wa mwezi. Neno la mzee halibishiwi. Tukarudisha mtambo wa bendi, nami nikaanza kazi.

Watu wengi hudhani kwamba wati 50 zina kelele mara kumi kuliko wati 5. Sivyo. Sikio la mwanadamu halihesabu hivyo. Nguvu ikiongezwa mara kumi, sikio husikia kama sauti imeongezeka mara mbili hivi. Kwa hiyo wati 5 ni karibu nusu ya sauti ya wati 50, na nusu hiyo ni nyingi kwa nyumba moja. Iko na sababu ya pili. Valvu ikisukumwa karibu na kikomo chake, sauti hubadilika. Huwa nene, yenye mkwaruzo kidogo, kama sauti ya mwimbaji aliyeimba usiku kucha, nayo hudumu zaidi baada ya uzi kuguswa. Wapiga gita huitafuta sana sauti hiyo. Mtambo mkubwa haufiki kikomo hicho mpaka kijiji kizima kimeamka. Mdogo hukifikia mapema.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa Uingereza alivumbua valvu ya kwanza, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza waya wa tatu ndani yake. Ndipo baadaye valvu ikaweza kukuza sauti. Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, aliuza katika miaka ya 1950 mtambo mdogo ulioitwa Champ, wenye valvu moja tu ya nguvu na wati kama 5. Huku kwetu, bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, lakini wapigaji waliopendwa na wazee wetu hawakungoja umeme. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gita la kawaida. George Mukabi wa magharibi ya Kenya, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gita la kawaida pia, na chupa ya soda ikigongwa kando. Sauti zao zimefika mbali kuliko kelele nyingi zilizokuja baadaye.

Sasa niwaeleze mtambo wenyewe. Ndani ya redio ya marehemu babu, iliyokaa darini miaka mingi, nilipata transfoma mbili na valvu mbili, EL84 na EZ80. Valvu ya tatu, ECC83, niliipata kwa fundi wa redio mjini Busia. Asiyepata za zamani ajue kwamba EL84 na ECC83 zingali zikitengenezwa, kwa mfano huko Slovakia na Urusi. Kapasita za zamani sikuzitumia hata moja, maana hukauka zikaharibika. Niliweka mpya zote.

Kazi ya mtambo ni ya hatua tatu. Kwanza, transfoma kubwa hupokea volti 240 za ukutani, nayo hutoa volti 6.3 za kupasha valvu moto, na volti nyingi za kuzifanyisha kazi. EZ80 huugeuza umeme uendao na kurudi, ukawa wa kwenda upande mmoja. Pili, ECC83 hupokea mnong'ono wa gita na kuukuza mara nyingi. Tatu, EL84, ikipewa volti 250, hutoa nguvu ya kusukuma spika, wati 5 na ziada kidogo. Lakini valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo, hali spika yataka volti chache na mkondo mkubwa. Hapo huwekwa transfoma ya pili. Kazi yake ni kama ya wabadili fedha wa Busia: hupokea noti moja kubwa, hutoa sarafu nyingi. Spika yangu ni ya inchi 8, na sanduku ni la mbao za mvule.

Nisikilizeni vema hapa, maana umeme huu huua. Redio nyingine za zamani hazina transfoma ya kuutenga umeme wa ukutani. Bati lake lenyewe laweza kuwa na umeme. Redio ya namna hiyo usiitumie kwa gita kamwe, kwa kuwa nyuzi za gita huungana na bati hilo. Pili, kapasita huweka umeme hata baada ya plagi kung'olewa. Ni kama nyoka aliyelala. Umwage umeme huo kupitia rezista, kisha upime kwa mita mpaka mshale urudi chini. Tatu, bati la mtambo liunganishwe na waya wa ardhi, na fyuzi iwepo. Leslie Harvey, mpiga gita wa Scotland, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 aliposhika maikrofoni isiyounganishwa vema na ardhi. Yeye alikuwa stadi, tena mashuhuri, wala umeme haukumjali. Na wewe mwanafunzi usiufungue mtambo wa valvu pasipo fundi ajuaye kuwa kando yako.

Zilipobaki siku nne mwezi kwisha, mtambo ulikuwa tayari. Baba mdogo aliketi mlangoni, mdogo wangu akapiga taratibu wimbo wa kwetu ambao wazee huupiga kwa adeudeu. Mzee hakusema kitu. Baada ya kitambo mama mkubwa alituma mtoto kutoka nyumba ya pili. Tulidhani amekuja kutunyamazisha. Kumbe ametumwa kusema mlango usifungwe, mgonjwa anasikiliza. Gita halikuuzwa.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Vijana wengi leo hutaka mtambo mkubwa kabla ya kujua nyimbo tatu. Mimi nawashauri ninyi wenye mikono mizuri na akili ya hesabu: jifunzeni somo la umeme darasani kwa bidii, waendeeni mafundi wa redio waliozeeka kabla ujuzi wao haujapotea, na mkitengeneza kitu, kipimeni kwa nyumba kitakamokaa.