"Presha imebalansi" siyo kwamba umepona
Mama mwenzangu, neno "balansi" limetoka kwenye Kiingereza, na sisi manesi tunalitumia kila siku. Ukisikia wodini "presha yako imebalansi", jua dawa ndiyo imeishikilia. Ni kama mizani ya sokoni: ukiondoa jiwe, upande wa pili unazama.

Huku Kilosa na Mikumi nimekutana na wajawazito walioacha vidonge kwa sababu ya neno hilo tu. Kwa mjamzito, presha ikifika 140/90 tayari ni ya kufuatiliwa. Kichwa kikiuma sana, ukiona maluweluwe, au uso ukivimba, njoo hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Ukiambiwa "imebalansi", uliza: "Nesi, dawa niendelee nayo?" Uliza bila aibu, mko wawili.