Samaki Waliopita Tabora

Ukimwambia mtu wa Tabora kwamba unafuga, atakuuliza una mizinga mingapi. Asipofikiria nyuki atafikiria kuku wa kienyeji, au ng'ombe uliowaacha kwa ndugu huko Nzega. Mjomba wangu alifuga samaki. Aliwafuga sebuleni, kwenye nyumba za reli, katika mji ambao maji yake makubwa ya karibu ni bwawa la Igombe, na Kigoma iko kilomita 400 hivi kwa treni. Majirani walikuwa na swali moja, na waliliuliza kwa adabu kila walipokuja kuomba chumvi: "Hawa utawakaanga lini?"

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni ilinunuliwa kwa foleni. Duka la kuingia ukaulizia pampu ya samaki halikuwepo. Vioo alivitoa kwenye dirisha la duka lililofungwa, fundi mmoja wa karakana akamchomea fremu ya vyuma vya engo, pembe zikazibwa kwa puti, na juu ya puti ikapakwa lami iliyochemshwa uani huku shangazi akilalamikia sufuria yake. Silikoni, ambayo leo fundi vioo yeyote anayo kwenye kiboksi chake, hatukuijua. Tangi lilijazwa na kumwagwa, likajazwa na kumwagwa, mpaka harufu ya lami ikakoma. Kisha likawekwa juu ya meza ya mninga ambayo wanaume wanne walihema kuiingiza ndani. Uzito huo ulikuwa na sababu: lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi lile lilimeza lita 140 na ushee kabla hujahesabu mchanga na mawe.

Chujio lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari, ndani yake changarawe, kipande cha sponji la godoro na mkaa uliooshwa. Hewa ilitoka kwenye tyubu ya lori. Asubuhi tyubu ilijazwa kwa pampu ya baiskeli, kazi yangu mimi na binamu zangu kwa zamu, na hewa ikaachiwa pole pole kupitia mpira wa dripu wenye kibanio chake, uleule wa hospitali. Mpira uliingia chini ya kopo. Mapovu yalipopanda yalivuta maji yakapenya kwenye sponji. Umeme ulipokatika, na ulikatika, tyubu haikuwa na habari. Nimeona machujio ya kisasa ya mamia ya maelfu ya shilingi yakizima kwa saa sita, viumbe wa ndani wakafa kwa kukosa hewa, na umeme uliporudi yakawatapikia samaki uozo wote huo kwa mpigo.

Viumbe wa ndani, ndiyo. Wengi hudhani chujio kazi yake ni kudaka takataka. Hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Kinyesi na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye sponji na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo sumu vilevile, na bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao huhitaji mwezi mmoja hadi wiki sita kushika kazi. Mjomba hakuyajua majina haya. Alijua kwamba tangi jipya huua hata likiwa linang'aa, na kwamba sponji husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba. Alikuwa karani wa reli aliyeishia darasa la nane, na sijakutana bado na kijana mwenye simu janja aliyeielewa kanuni hiyo ya pili kwa mara ya kwanza kuambiwa.

Maji ya Igombe nyakati za masika yalikuja na rangi ya chai. Kila nyumba ilikuwa na kipande cha shabu cha kutumbukiza kwenye ndoo ili tope litulie, lakini mjomba alipiga marufuku shabu isikaribie ndoo zake. Shabu huyafanya maji yawe makali, na maji ya nchi ya mawe ya matale kama yetu hayana chokaa ya kutosha kuuzuia ukali huo. Aliyaacha maji yatulie yenyewe kwenye pipa, siku mbili tatu, na hapo ndipo Bwana Afya alipomkuta. Pipa wazi, uani, karibu na dirisha: mazalia ya mbu. Mjomba akamshika mkono, akampeleka sebuleni, akachota viluwiluwi kwa kichujio cha chai na kuvimwaga ndani ya tangi. Samaki wakavimaliza kabla Bwana Afya hajafungua daftari lake. Alisimama pale muda mrefu. Baadaye alikuwa akipita na wenzake kuwaonyesha, na faini hatukuandikiwa.

Taa ilikuwa balbu ya wati 40 chini ya kifuniko kilichokatwa kutoka kwenye debe. Ilikuwa na joto kuliko mwanga, jambo lililofaa usiku wa Juni na Julai, maana Tabora iko juu, mita 1,200 hivi, na baridi ya kiangazi si ya mchezo. Ilizimwa saa tatu za usiku, baada ya taarifa ya habari. "Na wenyewe walale," alisema mjomba. Samaki hawana kope, kwa hiyo giza ndilo usingizi wao. Siku hizi naingia kwenye baa na hoteli za mjini nakuta tangi lenye taa ya buluu inayowaka usiku kucha, muziki ukitikisa kioo, na samaki wamejibana pembeni kama abiria wa daladala. Mwenye nyumba anaita hiyo mapambo. Mwani wa kijani ukianza kutambaa kwenye kioo anamlaumu aliyemuuzia chujio, kumbe ni mwanga wa saa ishirini na nne ndio unaoulisha. Saa nane hadi kumi zinatosha.

Sasa, samaki wenyewe. Walikuwa samaki wa dhahabu, sita, waliokuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ndani ya dumu lililokatwa shingo, mjomba akiwa amelikumbatia tangu Morogoro mpaka Tabora. Asili yao ni China. Vilevile kulikuwa na gapi, asili yao Amerika ya Kusini, aliopewa na familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa. Tuliwaona ni samaki wa kitajiri, samaki wa kwenye vitabu. Haikutupitia akilini, hata mjomba, kwamba wazungu walikuwa wakiweka majumbani mwao samaki wa kwetu.

Hapo ndipo ninapoumia, na uchungu wenyewe ni wa kuchelewa. Mji huu umezoea vitu vizuri kuupita. Mwaka 1853 London ilifungua nyumba ya kwanza ya samaki wa kwenye vioo katika bustani yake ya wanyama, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilichowatia watu wa Uingereza wazimu wa matangi ya sebuleni. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1857, wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani hapa, pamoja na wapagazi wao. Waliporudi kutoka Ujiji Juni 1858 mizigo yao ilikuwa na makombe ya Ziwa Tanganyika aliyoyaokota Speke. Yalielezwa kitaalamu London mwaka 1859. Pembe za ndovu zilipita hapa kwenda Bagamoyo, makombe yakapita, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 meli nzima iliyokatwa vipande na kufungwa kwenye masanduku ikapita kwenda upande wa pili, ndiyo Liemba ya leo.

Halafu wakapita samaki wa Ziwa Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alianza huko Bujumbura biashara ya kuwasafirisha wakiwa hai kwenda Ulaya na Marekani, na baada ya muda upande wa Kigoma nao ukaingia. Ufungaji wake ni wa ustadi: samaki halishwi siku mbili ili asichafue maji, anatiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, mfuko unawekwa kwenye boksi jeupe la povu linalotunza joto. Nilimwona mtu na maboksi ya namna hiyo stesheni, miaka ya tisini, ameyakalia kwenye kivuli akisubiri treni ya Dar. Nikadhani ni chanjo za mifugo. Mjomba alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kijijini, Urambo. Angekuwepo angeyafungua kwa nguvu.

Kuna samaki mmoja nataka nimseme. Jenasi yake inaitwa Tropheus. Mtaalamu wa samaki Boulenger alimwelezea wa kwanza mwaka 1898 na kumpa jina la mtafiti Moore. Kila kipande cha mwambao wa miamba kina wa rangi yake, kwa sababu hawapendi kuvuka mchanga kwenda kuoana na wa jirani. Wa Ikola ni mweusi mwenye mshipi mpana wa manjano kiunoni, na Wajerumani wanaofuga wamempachika jina la Kaiser, kana kwamba yaliyotokea kati yetu na Kaiser hayatoshi. Jike hubeba mayai mdomoni karibu mwezi mzima bila kula sawasawa. Chakula chao ni mwani unaoota juu ya mawe, ule ule ambao mjomba alikuwa akiukwangua kwa wembe kila Jumapili na kuutupa kwenye mchicha wa shangazi. Na Ikola iko wapi? Unapanda treni ya Mpanda hapa hapa Tabora, ukifika unateremka kuelekea ziwani. Wapo watu mjini Berlin wanaolijua jina la kijiji hicho kuliko diwani wa kata ya jirani.

Mwaka juzi nilimkuta kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu, si mbali na stendi, ana tangi zuri kweli. Vioo vya silikoni, taa ya LED yenye saa inayoizima yenyewe, chujio la sponji linaloendeshwa na kipampu cha ukubwa wa ngumi chenye betri ya akiba. Vyote kutoka Kariakoo, kwa bei ambayo mjomba asingeiamini. Ndani alikuwa na oskari wa mto Amazon.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona huna wa Tanganyika?"

Akafungua simu akanionyesha video: chumba huko Ujerumani, tangi lenye urefu wa ukuta, kundi la Ikola likinyofoa mawe. "Hawa? Hawa ni wa kule, mzee. Hawapatikani."

Nikamweleza habari ya Mpanda. Akasema maji yetu hayawafai, na hapo alikuwa na hoja. Siku hizi bomba la Tabora linaleta maji ya Ziwa Victoria, jambo la kushukuru, lakini Victoria ni maji laini yenye chumvichumvi chache, na Tanganyika ina mara sita hivi ya hizo, tena maji yake ni ya kimagadi, pH inakaribia tisa. Ukimtoa samaki huko ukamtia kwenye maji ya bomba atadhoofika. Ila dawa yake ni nyepesi: mchanga wa chokaa au makombe yaliyosagwa chini ya tangi, na magadi ya kuokea kidogo kidogo kwenye maji mapya, baada ya kuyaacha ndoo wazi yapoteze klorini. Mzungu wa Berlin naye anatengeneza maji yake, hakuyabeba kutoka Ikola. Kijana alisikiliza, akaandika kwenye simu, akaniuliza mteja atalipa ngapi kwa samaki mweusi.

Nikaona nimpe na jambo lingine, ambalo mimi mwenyewe nililisoma nikiwa mtu mzima na likaninyima raha kwa wiki nzima. Kwenye mbuga zinazozunguka Unyamwezi, vidimbwi vinavyojaa kwa mvua za Novemba vina samaki. Wanaitwa Nothobranchius, aina mojawapo ilipewa jina na mtaalamu Hilgendorf wa Berlin mwaka 1891. Ni wadogo, urefu wa kidole, na madume wamepakwa rangi ambazo vitenge havijafikia. Mvua ikija wanatotolewa, wanakua kwa wiki chache, wanataga ndani ya tope, na dimbwi likikauka wanakufa wote. Mayai yanabaki ardhini kiangazi kizima, juu yake ng'ombe wanapita na watoto wanacheza mpira, yakingojea mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai hayo kwa posta, ndani ya mfuko wa udongo wenye unyevu kidogo. Sisi tulicheza kwenye vidimbwi hivyo tukitafuta vyura. Mjomba alichota humo viluwiluwi vya kulisha samaki wa China.

Kijana alichangamka. Mtaji bure, alisema, ndoo na wavu tu. Akauliza wanaishi muda gani ukiwatunza vizuri.

"Miezi. Mwaka kwa bahati."

Akalitazama tangi lake, akawatazama oskari, ambao kwa matunzo hufika miaka kumi. "Mzee, nimuuzie mtu samaki Januari, anikute Nane Nane pale Ipuli amekwisha kufa? Watanidai."

Nikataka kumwambia kwamba huyo hafi kwa ubovu. Mteja wa vocha akaja dirishani, mazungumzo yakahamia kwenye salio.