Nyumba ya kujipikia likizoni: Je, nani atapika?

SHULE zinapofungwa mwezi wa Agosti au Desemba, wazazi wengi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret huanza kujikuna kichwa. Watoto wanataka kuiona bahari. Mama anataka kupumzika. Na bei ya hoteli ya ufuoni, ukiizidisha kwa vichwa sita au vinane, yaweza kumfanya mtu mzima aamue kwamba hakuna mahali pazuri kama mashambani kwa nyanya.

Hapo ndipo jamaa hukumbuka nyumba za kujipikia.

Nyumba za namna hii si jambo geni katika Pwani yetu. Ufuo wa Tiwi, kusini mwa Mombasa, umejulikana kwa miaka mingi kwa nyumba zake ndogo ambamo mgeni hupewa ufunguo, vitanda na jiko, mengine akajitegemea. Diani zipo, na pia Bamburi, Shanzu, Mtwapa, Watamu na Malindi. Siku hizi zimeongezeka fleti zinazokodishwa kwa siku kupitia simu, na Wakenya wengi huziita zote Airbnb, hata ile ambayo mwenyewe hajawahi kuiweka kwenye mtandao wa kampuni hiyo.

Hesabu yake inavutia. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu inakodishwa kwa Sh12,000 kwa usiku, nanyi ni wanane. Hiyo ni Sh1,500 kwa kila mmoja. Wanafunzi wa chuo wakichanga, au familia mbili zikiungana, mzigo unazidi kuwa mwepesi. Hakuna mhudumu wa kutazamia bakshishi mezani, na mtoto akitaka uji saa nne za usiku, jiko ni lako.

Lakini ngoja kidogo, msomaji. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, kuna swali ambalo familia nyingi huliruka, nalo ni hili: nani atapika?

Katika nyumba nyingi jibu linajulikana ingawa halitamkwi. Mama aliyepika mwaka mzima jijini atapika tena Diani, safari hii katika joto, kwa jiko asilolizoea, huku wengine wakirudi kutoka baharini na mchanga miguuni wakiuliza chakula ki wapi. Hiyo si likizo. Huo ni uhamisho wa kikazi, tena bila marupurupu.

Ndiyo maana ninasema nyumba ya kujipikia huchaguliwa kuanzia jikoni, si kuanzia kwenye picha ya kidimbwi cha kuogelea.

Habari njema ni kwamba huko Pwani kuna nyumba nyingi zenye mtunzaji, na mara nyingi yupo pia mtu anayeweza kuwapikia kwa malipo. Huko Lamu ndio mtindo hasa: unakodi nyumba ya kale yenye madaka ukutani na paa la kupungia upepo, na mpishi yumo. Asubuhi mnampa pesa za soko, naye anashuka hadi sokoni karibu na ngome, anarudi na samaki wa siku hiyo na kuwaonyesha chenji. Watoto wa bara waliozoea tilapia wa kukaanga watakutana na changu wa kupaka na wali wa nazi, na huenda msisikie neno chipsi kwa siku tatu.

Ila mapatano yawe wazi kabla ya kufika. Uliza kama mshahara wa mpishi umo ndani ya kodi au ni kando. Uliza anafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, na kama siku ya Jumapili yupo. Yeye naye anakula, basi chakula chake kihesabiwe. Na tafadhali, aliyeajiriwa kupika asigeuzwe yaya na dobi kwa malipo yale yale. Wako wageni wa mjini wenye tabia hiyo, na wenyeji huwasema vibaya, tena kwa haki.

Kama mfuko hauruhusu mpishi, basi chagua nyumba iliyo karibu na mahali chakula kinapouzwa tayari. Pwani imebarikiwa kwa jambo hili kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi hii. Kwa nini mtu aamke alfajiri kukanda unga hali nje kuna mahamri ya moto na mbaazi za nazi? Mji wa Kale wa Mombasa, Ukunda, Mtwapa, Malindi, kote huko utapata vitumbua, mkate wa sinia, viazi vya karai na chai ya maziwa. Jioni kuna mishikaki, mihogo ya kuchoma na madafu. Ukitoa kifungua kinywa na mlo mmoja wa jioni katika orodha ya mapishi, kazi ya jikoni hupungua zaidi ya nusu.

Kinachobakia kigawanywe kwa zamu, na zamu hizo zipangwe mkiwa bado nyumbani. Kijana wa miaka 15 anaweza kupika wali. Na wale akina baba wanaojisifu kwa nyama choma mwaka mzima wapewe nafasi ya kuonyesha ujuzi wao, bora tu uulize kwanza kama nyumba ina mahali pa kuwashia makaa. Fleti ya orofa ya nne haina.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Nyumba nyingi za ufuoni zilipangwa kwa kumfikiria mgeni ambaye mapishi yake ni kuchemsha yai na kubanika mkate. Utakuta glasi za mvinyo 12 zilizopangwa vizuri, lakini sufuria kubwa kuliko zote haipiki wali wa watu wanne. Mwiko hakuna. Kisu hakikati hata nyanya. Muulize mwenye nyumba, kwa jina na kwa idadi: kuna sufuria ya kusongea ugali wa watu wanane? Kuna mbuzi ya kukunia nazi? Friji ina sehemu ya kugandisha samaki? Mtungi wa gesi una gesi, na ikiisha katikati ya mchuzi ni nani atakayeujaza? Afadhali uulize kuhusu tokeni za umeme pia. Nyumba yenye viyoyozi inazimeza kwa kasi, na wako wenye nyumba wanaomwachia mgeni mzigo huo bila kumwambia.

Kisha uliza kuhusu maji. Visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Yanafaa kwa kuogea ingawa sabuni inakataa kutoa povu, lakini chai yake haitanyweka. Kama ndivyo, kuna maji baridi ya kupikia na kunywa, au mtanunua? Familia ya watu wanane katika joto la Desemba inakunywa maji mengi kuliko mnavyodhani.

Mahali nyumba ilipo ni jambo jingine linaloweza kula akiba yote. Wengi siku hizi husafiri kwa treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari zake mwaka wa 2017, ambayo huwashusha Miritini, nje kidogo ya kisiwa cha Mombasa. Kutoka hapo kuna safari nyingine. Anayekwenda Diani bila gari atavuka kivuko cha Likoni, ambacho waendao kwa miguu hawalipi, kisha apande matatu hadi Ukunda. Mwenye gari anaweza sasa kuifuata barabara ya Dongo Kundu na kutokea upande wa Kwale bila kuingia kisiwani kabisa.

Ukifika bila gari, nyumba ya bei ya chini iliyo ndani kabisa mwa vichaka, mbali na soko, si ya bei ya chini tena. Kila nyanya itapanda tuktuk. Afadhali uongeze kidogo ukae mahali ambapo mtu hutembea kwenda kununua vitunguu na kurudi maji ya wali yakiwa bado hayajachemka.

Jihadhari pia na maneno "dakika tano hadi baharini". Dakika tano kwa nini, kwa miguu au kwa gari? Diani nyumba nyingi ziko upande wa pili wa barabara, na kati yao na mchanga kuna kuta za hoteli na za watu binafsi. Ulizia njia ya umma ya kufika ufuoni iko wapi na ni umbali gani kwa mtoto wa miaka minne aliyechoka.

Na mkifika ufuoni, ijulikane kwamba bahari ina saa zake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na kuacha miamba wazi, kisha hujaa kwa nguvu. Mtunzaji wa nyumba au mvuvi yeyote atawaambia maji yanajaa saa ngapi kesho. Wapishi wapange chakula kwa saa hizo, si kwa saa ya ukutani. Wanaokwenda Malindi wakumbuke kwamba mvua ikinyesha bara, mto Sabaki humwaga matope na bahari hapo huwa ya rangi ya kahawia. Anayetaka maji maangavu msimu huo heri atazame Watamu au kusini.

Jambo dogo lakini lenye usumbufu ni kima wa Diani. Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, hula majani na hawana haja na sufuria yako. Lakini kima na tumbili wanajua siku ya wageni kuwasili. Dirisha la jikoni lisilo na wavu ni mwaliko, na mkungu wa ndizi ulioachwa mezani hautamaliza dakika kumi. Wavu huo huo utawafaa kwa mbu, maana malaria ipo Pwani na watu wa Nairobi miili yao haijaizoea. Vyandarua viwepo juu ya kila kitanda, na visiwe na matundu.

Tufike kwenye pesa. Matapeli wanajua kwamba Desemba watu wana haraka. Huchukua picha za nyumba ya mtu, wakaitangaza kwa bei ya kutamanisha, wakadai malipo ya awali kwa M-Pesa, kisha simu ikazimwa. Kuna familia ambazo zimefika langoni na mizigo na watoto na kuambiwa na mlinzi kwamba nyumba hiyo haikodishwi kamwe. Mwombe anayekukodishia akuonyeshe nyumba kwa simu ya video, atembee nayo kutoka langoni hadi jikoni na kufungua bomba la maji. Mwenye nyumba halali hatachukizwa. Ukiwa na ndugu au rafiki Mombasa, mtume akatazame, nauli yake itakuwa ndogo kuliko hasara. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na la mtu unayezungumza naye.

Usalama nao si wa kupuuzwa, hasa kwa vijana wanaokodi fleti za siku moja mjini. Mnamo Januari 2024 wanawake wawili vijana waliuawa kwa nyakati tofauti katika nyumba za aina hiyo jijini Nairobi, na nchi nzima ilishtuka. Tangu hapo serikali imesisitiza kwamba wanaokodisha nyumba kwa siku wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Si kosa kuuliza kama usajili huo upo. Chagua jengo lenye mlinzi na daftari la wageni, na mwachie mtu nyumbani anwani kamili.

Kwa wale ambao bahari si lazima, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina nyumba na mabanda ya kujipikia katika mbuga kadhaa: Naishi huko Ziwa Nakuru, Kapkuro kwenye Mlima Elgon, na mengine Kakamega, Aberdare na Tsavo Magharibi. Kuamka na kukuta nyati mbele ya mlango ni jambo ambalo watoto hawatalisahau. Lakini humo hakuna kioski. Chumvi mliyoisahau mmeisahau. Ada ya kuingia mbugani hulipwa mbali na kodi ya banda, na lango hufungwa saa kumi na mbili za jioni. Tangu Juni 5, 2020, chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani, basi bebeni mitungi na chupa za kudumu. Nyanda za juu kama Aberdare na Elgon ni baridi kali usiku, na chakula hapo kiwe cha sufuria moja, chenye mchuzi na kisicho na kazi nyingi.

Popote mtakapokwenda, siku ya kwanza hesabuni vyombo pamoja na mtunzaji na kuandika kilichopasuka, la sivyo mtalipa sahani iliyovunjwa na mgeni wa Pasaka. Ulizeni pia usafi wa siku ya mwisho ni wa nani, kwa sababu katika nyumba nyingine mgeni huondoka ameosha kila kitu, na si haki kazi hiyo imwangukie mtu yule yule huku wengine wakiaga bahari.

Unga, mafuta na mchele uliosalia msirudi nao kwenye treni. Mwachieni mtunzaji.